Daftari kwanza, dari baadaye: kununua koopu ya chumba kimoja Jackson Heights

Juzi mpwa wangu alinitumia picha kumi na moja za nyumba aliyoipenda hapa Queens, New York. Tisa zilikuwa za dari. "Mjomba, tazama dari hii!" Nikatazama. Kweli dari ya haja: iko juu, ina mihimili iliyovikwa plasta, na pembeni imezungushiwa nakshi kama keki ya harusi. Nikamjibu, nitumie hesabu za jengo za miaka miwili iliyopita. Akanyamaza siku nzima.

Simlaumu, maana mimi mwenyewe nilianzia hapohapo. Nyumba za kabla ya vita zinaloga. Vita vyenyewe ni Vita Kuu ya Pili; kwa mtaa wetu wa Jackson Heights ni majengo ya miaka ya 1920 na 1930, mengi ya ghorofa tano au sita, matofali nje, bustani katikati. Ukiingia ndani unakuta kiukumbi cha kuvulia viatu, milango ya upinde, sakafu ya mbao zilizopangwa kama mifupa ya samaki, na kuta nene. Chumba cha kulala ni kimoja tu, lakini sebule inalaza mgeni na jiko lina dirisha. Mtu aliyetoka kupanga chumba cha chini ya ardhi kule Corona, kama mimi, akiona dirisha jikoni yuko tayari kusaini chochote.

Nilinunua yangu mwaka 2019, baada ya miaka kumi na minne ya kupanga. Mimi ni dereva wa basi la jiji, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, ambako nako barabara zinaitwa kwa namba, kwa hiyo anwani za huku hazikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba sikujua nanunua nini.

Unachonunua

Koopu ni ushirika. Jengo zima ni mali ya kampuni moja. Wewe unanunua hisa za kampuni hiyo, na hisa zako zinakupa mkataba wa kukaa kwenye nyumba fulani, tuseme 4C. Hati ya nyumba hupewi, kwa sababu nyumba siyo yako, ni ya kampuni ambayo nawe una kipande chake. Mtanzania hapa asishtuke: kwetu nako ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, na tunachopewa ni haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Na aliyewahi kuwa na hisa SACCOS keshaelewa nusu ya habari. Nusu nyingine ndiyo hii: jengo likikopa, umekopa. Boila, ule mtambo wa kupashia jengo zima joto, ikifa, imekufa yako. Jirani wa 2A akiacha kulipa, pengo lake mnaliziba ninyi mliobaki.

Hisa zangu ni 310. Ada ya mwezi inapigwa kwa hisa. Mwaka ule ilikuwa dola 2.55 kwa kila hisa, yaani kama dola 790. Ndani yake mna kodi ya jengo kwa jiji, rejesho la deni la jengo, joto, maji ya moto, mishahara ya supa (msimamizi na fundi wa jengo) na wasaidizi wake, bima ya jengo. Umeme ni juu yako. Sasa ona hesabu inavyouma: boila ilipobadilishwa, bodi, yaani wenye hisa wachache waliochaguliwa kuendesha jengo, ilitoza dola 12 kwa kila hisa, ilipwe kwa mwaka mmoja. Zidisha kwa 310 utapata dola 3,720, na hiyo ni dola 310 kila mwezi juu ya ada. Muuzaji hakusema. Dalali hakusema. Lakini ilikuwa imeandikwa kwenye kumbukumbu za vikao vya bodi kwamba boila imechoka, na wakili wangu aliziona na kuniambia, ndiyo maana nilikuwa nimejiandaa.

Basi kabla hujanipigia simu kunisifia dari, leta haya. Hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili, angalau. Tazama akiba ya jengo ni kiasi gani. Jengo lenye nyumba sabini na akiba ya dola 40,000 ni jengo linaloishi kwa mkono hadi mdomo. Tazama deni la jengo, kiasi chake, riba yake, na hasa mwaka linapoiva. Deni lililochukuliwa kwa asilimia tatu likikopwa upya kwa asilimia sita, ada yako inapanda bila mtu kubadilisha hata balbu. Tazama wangapi wana madeni ya ada. Uliza wangapi wanaishi humo kama wenye hisa na nyumba ngapi bado ziko mikononi mwa sponsa, yule mwenye jengo wa zamani aliyeligeuza kuwa ushirika. Majengo mengi ya jiji hili yaligeuzwa miaka ya 1980, na wapangaji waliokataa kununua waliruhusiwa kubaki, ndiyo maana mpaka leo utakuta koopu yenye wapangaji wa zamani. Si vibaya, ila benki nyingi husita kama zaidi ya nusu ya jengo haijauzwa. Upande wa heri ni kwamba ukinunua moja kwa moja kwa sponsa, kwa kawaida hupiti kwenye usaili wa bodi.

Uliza pia kama kiwanja ni cha jengo lenyewe. Kuna koopu zilizokaa juu ya ardhi ya kukodi. Bei yake huwa tamu mno, na utamu huo una sababu: mkataba wa ardhi ukielekea mwisho au kodi yake ikipangwa upya, wenye hisa ndio wanaochinjwa. Mimi ningepita mbali. Na uliza kuhusu tozo ya kuuza, asilimia fulani ambayo jengo hukata siku unapouza. Inakwenda kwenye akiba, ila uijue mapema.

Hizo kumbukumbu za vikao ndizo zenye utamu wote. Wakili husomea kwenye ofisi ya wanaosimamia jengo, au siku hizi anatumiwa. Usichukue wakili wa bei rahisi asiyefanya kazi ya koopu kila wiki. Wangu alichukua dola 2,500, na kabla ya hii nyumba niliyonayo aliniokoa na nyingine: mwaka mzima wa vikao ulijaa neno gesi. Gesi ya jengo ilikuwa imefungwa kwa sababu ya bomba lililovuja, watu wanapikia majiko ya umeme ya sahani moja, na hakuna aliyejua itafunguliwa lini. Siku nilipokwenda kuitazama nyumba ile jiko lilikuwa linang'aa kweli. Ndiyo, halikuwa limewashwa miezi minane.

Nikupe na historia kidogo, kwa sababu inaingia mfukoni. Treni ya 7 ilifika huku mwaka 1917, na bwana mmoja aitwaye Edward MacDougall na kampuni yake ya Queensboro Corporation walikuwa wamekwisha kununua mashamba. Wakajenga majengo yenye bustani ndani, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1910 wakaanza kuyauza kwa mtindo wa ushirika. The Chateau na The Towers, yale ambayo madalali huyataja kwa sauti ya chini kama msikitini, ni ya miaka ya 1920. Wayahudi na watu weusi hawakuuziwa. Mzee yule angeniona mimi na bahasha yangu ya fomu asingenifungulia hata geti. Leo sehemu kubwa ya mtaa ni eneo la kihistoria tangu 1993, na matokeo yake kwa mnunuzi ni kwamba hubadilishi dirisha bila kibali cha tume ya jiji inayolinda majengo ya zamani, juu ya kibali cha bodi. Dirisha linalopitisha upepo lihesabu kama gharama ya jengo na ya muda wako.

Fedha, na upatu wangu ulivyonitia matatani

Bei yangu ilikuwa dola 365,000. Benki ilitoa 292,000 na mimi nikatoa asilimia 20, yaani 73,000. Kuna majengo yanataka asilimia 25, 30, na yapo ya Manhattan yanayotaka nusu. Rejesho lilikuwa kama 1,394 kwa mwezi, jumlisha ada 790, unapata 2,184. Bodi nyingi hutaka jumla hiyo, pamoja na madeni yako mengine, isizidi robo au asilimia 30 hivi ya kipato chako kabla ya kodi. Kisha wanataka baada ya kulipa kila kitu ubakiwe na fedha za kulipia mwaka mmoja, pengine miwili. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama: mtu amedunduliza asilimia 20 yake, anafurahi, kumbe bado dola 26,000 za kukaa tu zionekane.

Suala la riba kila mmoja ana shehe wake. Mimi nilikaa nalo miaka mitatu na uamuzi nilioufanya ni wangu, sitaki kesi nao hapa.

Mshahara wangu bila ovataimu ulikuwa kama 71,000. Kwa hesabu ya bodi, 2,184 kwa mwezi ni karibu asilimia 37 ya huo, na ningerudishwa mlangoni. Kwa ovataimu nilikuwa nafika 96,000, na hapo inashuka asilimia 27. Dawa yake ilikuwa kuonyesha kwamba ovataimu yangu si bahati ya mwaka mmoja. Niliweka ritani za kodi ya mapato za miaka mitatu badala ya miwili waliyoomba, na barua ya kazini iliyotenganisha mshahara wa msingi na saa za ziada. Kama kipato chako ni cha teksi, cha saluni au cha kusuka nywele, shughuli ni hiyohiyo: unachokionyesha kwenye kodi ndicho ulichonacho. Ukijificha kwenye kodi huwezi kujitokeza kwenye koopu.

Sasa upatu. Tulikuwa watu kumi na wawili, dola elfu moja kwa mwezi, kijumbe wetu mama mmoja wa Tabata anayeishi Bronx, mwaminifu kuliko benki. Zamu yangu ilinifikia Aprili. Nikapokea dola 12,000 taslimu kwenye bahasha ya kahawia, nikaenda nazo dirishani, nikaweka, nikatoka najiona tajiri. Mei nikaomba mkopo. Benki inataka taarifa za akaunti za miezi miwili, na kwenye taarifa hiyo kuna 12,000 zilizodondoka kutoka mbinguni. Karani akaniuliza ni za nini. Nikamwambia ni upatu. Akaandika kitu. Nikaanza kueleza, kila mwezi tunachanga, mmoja anachukua. Nikaona uso wake unavyokwenda, nikajua hapa naonekana nafanya mchezo wa kitapeli.

Iliniondoa hapo karatasi. Taarifa za miezi mingine zilionyesha elfu moja ikitoka kwangu kila tarehe 3 kwenda kwa kijumbe. Kijumbe akaandika barua, majina ya wachangaji, tarehe, zamu, akasaini mbele ya mtu wa kuthibitisha sahihi. Nami nikaandika ya kwangu, nusu ukurasa, kwamba fedha hizi ni akiba yangu mwenyewe inayorudi, si mkopo. Ilipita, lakini ilinila wiki tano na kidogo muuzaji anitoroke.

Kwa hiyo: upatu uchangwe kwa benki, si kwa bahasha. Jipangie zamu yako iwe miezi mitatu au minne kabla ya kuomba mkopo, ili fedha ziwe zimekaa. Ukiwa na taslimu inayozidi dola 10,000, iweke yote kwa mara moja na uache benki ipeleke taarifa yake serikalini. Hiyo taarifa haina madhara kwa mtu mwenye maelezo. Wapo watakaokushauri uigawe, elfu nne leo, elfu nne Ijumaa. Kuigawa ili kukwepa taarifa ndilo kosa lenyewe la jinai. Fedha za zawadi kutoka kwa ndugu nazo zina barua yake, na kuna bodi haziitaki kabisa. Halafu zile za kutuma nyumbani kila mwezi: usizifiche. Bodi iliona dola 400 zikienda Tanga kila mwezi, mmoja akauliza, nikasema ni mama yangu. Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika.

Ukienda kutazama

Nenda mara tatu. Mchana na dalali, saa tano usiku peke yako ukisimama tu mtaani, na Jumamosi jioni. Mtaa wetu haulali. Roosevelt Avenue treni ya 7 inapita juu ya vichwa vya watu, na nyumba iliyo ubavuni mwake inaisikia kila baada ya dakika chache mpaka alfajiri. Ndege za uwanja wa LaGuardia zina siku zake kutegemea upepo. Mitaa miwili kuelekea 35th Avenue ni nchi nyingine. Na 34th Avenue tangu 2020 imefungwa magari sehemu kubwa ya mchana, watoto wanaendesha baiskeli barabarani. Kwa sikio langu la dereva ule ukimya ni kama likizo. Sharti langu jingine ni la tumbo: kutoka mlangoni kwangu nakwenda kwa miguu kununua mbuzi wa halali kwa Wabangladeshi wa 73rd Street na mohogo kwa Wakolombia wa 37th Avenue. Wewe na lako.

Kwenye treni, kituo cha Roosevelt Avenue kina E, F, M, R na 7. Umbali kutoka hapo ndio unaoweka bei, basi upime kwa miguu yako mwenyewe. Dakika za dalali ni za mkimbiaji.

Kumbuka ghorofa ya kwanza ya Marekani ndiyo ile ya chini kabisa. Mwenzangu aliwahi kupewa nyumba "ya ghorofa ya kwanza" akidhani iko juu, kumbe kichwa cha mpita njia kinafika dirishani.

Ndani, chukua futi ya fundi. Vipimo vya tangazo ni vya kukisia, koopu haiuzwi kwa futi za mraba bali kwa hisa. Pima ukuta wa kitanda na upana wa mlango wa lifti. Lifti za zamani ni kama kabati. Fungua dira ya simu. Mimi niliifungua kutafuta kibla, ambacho huku ni kaskazini mashariki, ndipo nikagundua chumba cha kulala kinatazama kaskazini tupu, yaani majira ya baridi hakioni jua hata dakika moja. Nilikinunua hivyohivyo, lakini kwa kujua, na nikashusha ofa kidogo.

Fungua bomba la bafuni, la jikoni, kisha uvute maji ya choo kwa pamoja. Kama maji ya bafuni yanakuwa uzi, mabomba ya ukutani yamekula kutu. Tazama dari ya bafuni, hapo ndipo dari ninapoiruhusu: doa la rangi ya chai ni maji ya jirani wa juu, na doa lililopakwa rangi juzi linanuka rangi. Fungua sanduku la umeme uhesabu swichi. Nyumba nyingi za zama zile zina saketi tatu nne tu; ukiwasha kiyoyozi cha dirishani na maikrowevu, giza. Soketi zenye matundu mawili bila la tatu maana yake hakuna waya wa ardhi. Rangi yenye madini ya risasi, sumu kwa watoto, jiji lilipiga marufuku mwaka 1960, kwa hiyo majengo yetu yote yameipitia. Muuzaji lazima akupe fomu yake, na kama una mtoto mdogo usiishie kwenye fomu, pimisha. Kuta za plasta hazishiki msumari wa kawaida. Nilipotundika picha ya kwanza kilianguka kipande cha ukubwa wa chapati.

Jengo likizidi ghorofa sita, sheria ya jiji inataka kuta za nje zikaguliwe kila baada ya miaka kadhaa. Ilianza baada ya mwanafunzi wa Barnard College kuuawa na kipande cha jengo kilichomeguka, 1979. Ndiyo sababu ya yale mabanda ya chuma unayoyaona juu ya njia za waenda kwa miguu kila kona. Ukilikuta banda, uliza lina muda gani na nani analilipia. Jibu la swali la pili ni wewe. Yetu ina ghorofa sita kamili, haimo. Swali jingine la kuuliza ni sheria ya mwaka 2019 inayobana moshi wa majengo yanayozidi futi za mraba 25,000. Faini zilianza kuhesabiwa kwa mwaka 2024 na viwango vinakazwa 2030. Jengo linalochoma mafuta kwenye boila ya babu na halina mpango wowote, wenye hisa watalipa kwa njia moja au nyingine.

Bodi

Mkishakubaliana bei kwa mdomo, bado hakuna kitu. Mnasaini mkataba, unaweka asilimia 10 kwa wakili wa muuzaji, benki inatoa barua ya kukubali mkopo, kisha unatengeneza furushi la bodi: ritani za kodi, taarifa za benki, barua ya kazini, barua ya mwenye nyumba wako wa sasa, barua za watu wanaokujua. Langu lilikuwa kurasa mia moja na tisini. Barua za marafiki zisiwe za kusifu tu. Ile iliyosema nilimtunzia jirani paka wake wiki tatu ndiyo iliyotajwa kwenye usaili.

Bodi inaweza kukukataa bila kukuambia sababu. Haiwezi, kisheria, kukukataa kwa rangi, dini, nchi uliyotoka au kwa kukosa uraia, lakini mtu asiyelazimika kutaja sababu unamthibitishiaje? Hilo ndilo donda la koopu na sitalifunika. Unachoweza ni kutowaachia tundu kwenye hesabu. Na wakikukataa, mkataba ulioandikwa vizuri unakurudishia asilimia 10 yako.

Usaili wangu ulifanyika chumba cha chini, kando ya mashine za kufulia, watu watatu, mmoja bado amevaa viatu vya mazoezi. Dakika ishirini. Niliulizwa ovataimu, niliulizwa kama napiga ala ya muziki, niliulizwa nani atakaa nami. Jibu kwa ufupi na unyamaze. Huo si wakati wa kusema utavunja ukuta wa jiko, wala kwamba ukihamia Texas utaipangisha. Majengo mengi yanakuzuia kupangisha miaka ya mwanzo na baada ya hapo yanakupa miaka michache tu. Nilisema mke wangu yuko Tanga na atakuja karatasi zikikamilika. Kuhusu wageni, soma kanuni za nyumba. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kanuni zetu zinampa mwezi mmoja, akizidi anaandikiwa barua. Mama mkwe alipokuja miezi mitatu niliomba kwa maandishi kabla hajapanda ndege, wakakubali bila neno.

Siku ya kukabidhiana, benki ilichukua cheti changu cha hisa ikakaa nacho, mimi nikapewa funguo. Ile kodi ya kusajili mkopo wanayolipa wanaonunua nyumba yenye hati, koopu haina, na hiyo ni ahueni ya maelfu.

Kuhamia, na rejeta

Kuhama ni Jumatatu hadi Ijumaa, mchana, kwa miadi ya lifti, amana mkononi, na wabebaji wawe na cheti cha bima chenye jina la jengo. Nilikuja na rafiki na gari la kukodi siku ya Jumapili. Supa akatutazama, akatuonyesha ubao. Tukarudi Jumanne. Kanuni nyingine inataka asilimia 80 ya sakafu ifunikwe, ili wa chini asisikie miguu. Zile mbao za mifupa ya samaki zilizokuloga utazilaza chini ya zulia.

Usiku wa kwanza wa Oktoba joto lilipowashwa niliamshwa saa kumi na moja na kishindo, kama fundi anagonga chesisi kwa nyundo. Rejeta ya sebuleni; si ile ya gari, ni chuma kinachopasha chumba joto kwa mvuke wa boila. Nilikuwa nimeona chumba kinachemka jioni, nikaikaza valvu nusu, kama ungefanya na bomba. Hapo ndipo nilipokosea. Rejeta za majengo haya nyingi zina bomba moja tu: mvuke unapanda humo na maji yake yanarudi humohumo. Ukifunga nusu, maji hayapati njia, mvuke unayakuta na kuyapiga ukutani mwa chuma. Valvu ifunguliwe yote au ifungwe yote.

Supa alikuja asubuhi na pimamaji. Akaiweka juu ya rejeta, kiputo kikakimbilia upande wa valvu. Miaka tisini na kitu ya uzito imezamisha miguu ya upande ule wa mwisho kwenye sakafu, maji yanatuama huko. Akachonga vipande viwili vya mbao unene wa sarafu mbili, akainyanyua kwa mtaimbo, akavisukuma chini ya miguu ya mwisho ili irudi kuinamia valvu. Kelele ikaisha. Nilimpa dola ishirini na sahani ya pilau, na pilau ndiyo aliyoiongelea mwaka mzima.

Joto wewe huliwashi, ni la jengo. Kuanzia 1 Oktoba hadi 31 Mei, nje ikishuka chini ya nyuzi 13 hivi mchana, ndani lazima pafike 20. Usiku pasipungue kama 17. Kwa kawaida linazidi, na Januari utaona madirisha wazi mtaa mzima. Mafundi wa mvuke husimulia kwamba boila hizi zilipimwa kubwa makusudi baada ya homa ya 1918, ili watu waache madirisha wazi. Rejeta ikibaki baridi huku ya chumba kingine inaunguza, mara nyingi ni kile kivalvu kidogo cha hewa cha ubavuni kimeziba. Kipya nilikipata duka la vifaa kwa dola kumi na tano. Kifungue wakati boila imelala na rejeta imepoa kabisa, zungusha utepe mweupe wa mabomba kwenye nyuzi, kaza kwa mkono, na tundu lake litazame juu.